Gunsmoke kwenye deki ya nyumbani: kwangu misimu sita ya kwanza imetosha

Nimemaliza kutazama misimu sita ya kwanza ya Gunsmoke, tamthilia ya kauboi iliyorushwa na kituo cha CBS cha Marekani kuanzia Septemba 1955 hadi 1975, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilihangaika kupata maelezo yake kwa Kiswahili kabla ya kutoa fedha, naandika nilichokiona kwa ajili ya anayefikiria kuinunua. DVD zake niliziagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, binamu yangu akanibebea alipokuja likizo kutoka Marekani, na nimezitazama jioni baada ya chakula pamoja na baba mkwe wangu, askari polisi mstaafu ambaye ujanani, kabla hajavaa sare, aliwahi kuswaga ng'ombe kwa miguu hadi mnadani. Namtaja Mzee mapema kwa sababu nusu ya nilichokielewa katika tamthilia hii nimekielewa kupitia kwake.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunazijua picha za kauboi kwa desturi moja: stelingi hafi, adui hucheka sana kabla ya kupigwa risasi, na bastola moja hufyatua risasi kumi na tano bila kujazwa. Nilikaa mbele ya sehemu ya kwanza nikiwa na matarajio hayo hayo. Baada ya John Wayne kuitambulisha tamthilia kwa maneno machache, anatokea Matt Dillon, marshali, yaani afisa wa kusimamia sheria, mtu mrefu kupita kila mlango anaopitia, na kabla hata hatujamzoea anakutana uso kwa uso na muuaji aitwaye Dan Grat, anapigwa risasi na kuanguka. Stelingi, katika sehemu ya kwanza kabisa. Dillon anapona kwa taabu chini ya uangalizi wa daktari, na anapokuwa kitandani anatafakari jinsi alivyoshindwa, hadi anagundua kwamba Grat ni mwepesi kuchomoa lakini shabaha yake ni ya karibu tu, na hivyo anaporudi barabarani anasimama mbali. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimenunua kitu tofauti na nilichodhani.

Mahali penyewe ni Dodge City, katika jimbo la Kansas, miaka ya 1870. Mji huo ulikuwepo kweli: reli ya Santa Fe ilifika hapo mwaka 1872, na katika miaka iliyofuata vijana wa Texas waliswaga maelfu kwa maelfu ya ng'ombe kuelekea kaskazini, safari ya miezi, ili wapakiwe kwenye mabehewa na kupelekwa kwenye machinjio ya mashariki. Mimi nilikuwa nikiangalia farasi na kofia, Mzee alitazama dakika kumi akasema, "Huu ni mnada tu, mwanangu." Tangu siku hiyo sikuweza kuuona mji huo kwa namna nyingine. Kijana aliyelala porini miezi mitatu analipwa ujira wake wote siku moja, baa ziko mlango kwa mlango, mcheza karata anamsubiri, dalali anamsubiri, na kila mwenyeji anaitaka fedha yake huku akitamani mwenyewe aondoke asubuhi. Migogoro mingi ya tamthilia hii inazaliwa hapo, katika mji unaomhitaji mgeni na kumwogopa kwa wakati mmoja. Nilipomsimulia Mzee kwamba biashara hiyo ilikufa mwaka 1885, Kansas ilipowafungia mpaka ng'ombe wa Texas kwa sababu ya homa iliyokuwa ikiua mifugo ya wenyeji, na kwamba baadaye ilithibitika kuwa homa hiyo huenezwa na kupe, aliuliza swali moja tu: kwani hawakuwa na majosho?

Ubora wa misimu hii ya awali, kwa maoni yangu, unatokana na redio. Gunsmoke ilianza kama mchezo wa redio mwaka 1952, chini ya Norman Macdonnell na mwandishi John Meston, huku sauti ya Dillon ikiwa ya William Conrad, na hadithi nyingi za televisheni zilichukuliwa huko huko. Redio haina mbio za farasi za kuonyesha. Ina maneno na ukimya. Kwa hiyo sehemu hizi za nusu saa, zilizopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, hazina nafasi ya mapambo: watu wawili wanazungumza ndani ya chumba, jambo linaharibika, mtu anakufa, na mara nyingi hakuna aliyefurahi. Sehemu kadhaa za mwanzo zinafunguliwa na Dillon akitembea peke yake kati ya makaburi ya Boot Hill, akiwaza juu ya waliolala pale. Sikumbuki picha nyingine ya kauboi inayoanzia makaburini na bado ikanifanya nitake kuendelea.

Wahusika wakuu ni wanne, na hao ndio wanaokurudisha kila jioni. Daktari Adams, aliyeigizwa na Milburn Stone, ni mzee mkali wa ulimi ambaye anatoa risasi mwilini mwa mhalifu kwa uangalifu ule ule anaoutumia kumzalisha mama. Kitty Russell wa baa ya Long Branch, aliyeigizwa na Amanda Blake, anampenda Dillon bila kulisema, na waandishi wanaliacha hivyo hivyo kwa miaka yote. Wanawake wa nyumbani kwangu walichukizwa na jambo hilo kuliko na mauaji yote. Msaidizi Chester, kazi ya Dennis Weaver, anachechemea kwa mguu mkavu, anachemsha kahawa mbaya na hachoki kuita "Mister Dillon". Dillon mwenyewe ni James Arness, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, anayezungumza kidogo na ambaye kila anapoua hubadilika uso kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

Mzee, kwa jicho la askari, alikuwa na malalamiko yake. Alisema marshali huyu hajawahi kuandika ripoti hata moja, na kwamba anaacha kituo wazi bila mtu wa zamu. Mimi nilikuwa na lalamiko zito zaidi, kwa kuwa nimesoma kidogo historia ya miji hiyo. Dodge City halisi ilikataza watu kutembea na bastola mjini, na mwanahistoria Robert Dykstra, aliyehesabu mauaji katika miji mitano ya minada ya Kansas kuanzia 1870 hadi 1885, alipata watu 45 tu kwa miji yote mitano na kwa miaka yote hiyo. Sikuhesabu maiti za Gunsmoke, lakini sina shaka kwamba hesabu hiyo inavukwa mapema sana.

Kasoro kubwa kuliko hiyo ni watu wasioonekana. Wahindi Wekundu wanapotokea, mara nyingi wameigizwa na Wazungu waliopakwa rangi, na wanazungumza kama watoto. Watu weusi karibu hawapo kabisa katika misimu niliyoitazama, ilhali wanahistoria wengi wanakadiria kwamba takriban mmoja kati ya kila wachunga ng'ombe wanne wa nyakati zile alikuwa mtu mweusi, na ilhali Nicodemus, mji ulioanzishwa mwaka 1877 na watu waliotoka utumwani, uko Kansas hiyo hiyo, kaskazini mwa Dodge City. Tena, kama ni marshali anayetakiwa, alikuwepo Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa, akawa naibu marshali wa serikali kuu mwaka 1875 chini ya jaji Isaac Parker wa Fort Smith, na akafika mahali pa kumkamata mwanawe wa kumzaa kwa kosa la mauaji. Hadithi hiyo haikuhitaji kutungwa. Nilisitisha sehemu moja katikati ili nimsimulie Mzee habari za Reeves, naye akakaa kimya muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kwa ajili ya Dillon.

Kuhusu misimu iliyofuata nitasema kwa kifupi. Mwaka 1961 sehemu zilirefushwa kuwa za saa nzima, na niliazima makasha mawili ya kipindi hicho kabla ya kuamua kutonunua. Hadithi ile ile iliyokwisha vizuri kwa nusu saa sasa inavutwa kama ugali uliozidi maji, na mara kwa mara Dillon anapotea karibu sehemu nzima ili mgeni fulani apate nafasi. Chester aliondoka mwaka 1964, nafasi yake ikajazwa na Festus wa Ken Curtis, ambaye wapo wanaompenda sana, mimi ananichosha. Rangi ziliingia mwaka 1966, na makaburi yakapoteza kivuli chake. Kwa ujumla zipo sehemu 635 katika misimu 20, na 233 kati yake ni zile za nusu saa, ambazo kwa familia yenye kazi na shule zinatosha kwa miezi mingi.

Sasa mambo ya ununuzi. DVD za Marekani zimefungwa kwa eneo, yaani zimetengenezwa zichezwe kwenye deki za huko tu, na deki yangu ilizikataa zote siku ya kwanza, nikalazimika kutumia kompyuta niliyoiunganisha na televisheni. Ulizia jambo hilo kabla ya kulipa. Diski moja ilifika na mikwaruzo na inakwama katikati ya sehemu mbili, na muuzaji hajajibu ujumbe wangu hadi leo. Hakuna maandishi ya Kiswahili, na Kiingereza cha Chester ni kigumu hata kwa aliyesoma, hivyo nilijikuta nikifanya kazi ya mtafsiri wa kibanda cha video bila malipo. Picha yenyewe ni safi ajabu kwa umri wake, sauti inasikika, na hakuna cha kukufanya uwaondoe watoto sebuleni, isipokuwa wanawake wanaopigwa makofi mara nyingi kuliko nilivyopenda. Kwa misimu hiyo sita naipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyokosekana ni ya Bass Reeves.

Jambo la mwisho ni la Mzee. Tulipokuwa katika msimu wa tatu alisema kwamba mguu wa Chester ni wa kuigiza, lakini yule mrefu ndiye mwenye mguu mbovu kweli, na kwamba nitazame anavyoshuka kwenye farasi. Nilimbishia. Baadaye nikasoma kwamba Arness alipigwa risasi mguuni mwaka 1944 huko Anzio, Italia, akiwa askari, na maumivu hayo hayakumwacha maisha yake yote, wakati Weaver alikuwa na miguu mizima kabisa. Nilipomweleza, Mzee aliniambia niweke diski inayofuata.