Maji kujaa na kupwa: ubaoni au ufukweni?

Ubaoni, mwalimu huchora jua, mwezi na dunia kwenye mstari mmoja, na ndani ya kipindi kimoja wanafunzi wanaelewa kwa nini bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, yaani kujaa na kupwa kidogo, katikati yake. Ufukweni hawatayaona hayo. Mvutano wa mwezi na jua hauonekani kwa macho.

Lakini wapeleke ufukwe wa Paje au Jambiani, Zanzibar, siku ya bamvua. Kwenye saa nne asubuhi maji yameshakwenda mbali, na kina mama wameinama kwenye kamba, wakifunga mwani kabla bahari haijarudi. Maji yakianza kujaa, mwanafunzi achomeke kijiti ukingoni. Nusu saa baadaye kijiti kimo majini. Kesho yake akute maji yamechelewa kama dakika 50, na hapo swali la “kwa nini?” litamtoka mwenyewe.

Ndiyo maana mimi huanza ufukweni, mchoro ukafuata. Ukitangulia mchoro, wengi hukariri tu. Walio Dodoma, mbali na bahari, watumie ubao pamoja na jedwali la saa na vimo vya maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam. Wanafunzi wachore grafu ya mwezi mzima, na bamvua mbili zitajitokeza zenyewe.