Unanunua gari ya IST au pikipiki ya Boxer ya mkononi? Nenda kwanza inapolala

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo nipo Tabata, hapa sheli, na mdogo wangu, na hii IST mnayoiona nyuma yangu ndo anayotaka kuinunua. Mwenye gari yule pale kivulini anaongea na simu, katuruhusu turekodi ila namba tumeiziba na karatasi, niseme tu ni namba D, yani herufi za mwisho zinaanza na D, gari ya 2004, ile yenye injini ya 1NZ, anataka milioni 9 na nusu. Tangazo tumelikuta mtandaoni, sisi hatumjui na yeye hatujui.

Tumefika, kabla hata sijamsalimia vizuri nimeweka kiganja kwenye boneti. Ya moto. Utasema si katoka nayo nyumbani, sawa, lakini injini ikishapata moto inaficha vitu vingi sana, ule mlio wa asubuhi huusikii, moshi wa kwanza huuoni, stata iliyochoka inashika vizuri tu kama mpya. Ndo maana wauzaji wengi wanataka mkutane sheli, gari imeshapata moto, imeoshwa, imepulizwa pafyumu ndani, mnaizunguka mara mbili mnaanza kuongea bei. Mi nimemwambia kaka, gari tumeipenda, ila kesho saa 12 asubuhi tunakuja kuiangalia pale inapolala, na tafadhali usiiwashe mpaka tufike. Kakubali. Na wadau, mtu akikataa hilo tu, yani hataki kabisa ufike anapolaza gari yake, mi naaga hapohapo, sijali bei ni chee kiasi gani.

Haya, tukiwa hapahapa sheli kuna vitu naangalia. Sogeza kamera. Huu mkanda wa siti, watu wanauvuta kidogo wanauachia, we uvute wote mpaka mwisho kabisa, hiki kipande cha huku ndani hakioshwi na mtu. Unaona, kisafi, rangi ni moja. Ungekuta hapa kuna mstari wa tope kavu au ukungu mweusi basi hiyo gari imeogelea. Mvua zetu tunazijua, Desemba 2011 Msimbazi ulivyofurika tuliona, na masika za juzijuzi tumeona, gari ikizama haitupwi, inakaushwa, siti zinafuliwa, inarudi sokoni, halafu miezi michache mbele vioo havishuki, taa za dashibodi zinawaka zenyewe, na fundi wa umeme anakula hela yako kila wiki. Funua na kapeti chini ya siti ya dereva, angalia reli za siti kama zina kutu. Hizi ziko poa.

Sasa njoo kwenye dashibodi. Inasoma kilomita 71,000. Piga hesabu na mimi, gari ya 2004, hata uihesabie miaka 20 tu hiyo ni kama kilomita 3,500 kwa mwaka, haifiki kilomita 10 kwa siku, na mwenyewe katuambia anakaa Chanika, nje kabisa ya mji, anafanya kazi Posta, katikati ya mji. Halafu shika usukani, hapa juu mkono unapokaa pamelainika pameng'aa, na pedeli ya breki huu mpira umeisha upande wa kulia. Hizo kilomita zimerudishwa. Sisemi kazirudisha yeye, inawezekana kauziwa hivohivo, ila mimi ile namba siitumii kupanga bei.

Tairi nimeangalia haraka, pale ubavuni kuna tarakimu 4, hizi zinasoma 1418, maana yake wiki ya 14 ya 2018, kashata bado zipo ila mpira umeshakakamaa. Hiyo ni ya kupunguziwa hela, haina shida kubwa.

Kwenye kadi ya usajili ndo naomba mnisikilize vizuri, na niwaambie kwa nini nalishikilia hili. 2019 nilinunua Boxer kule Mbagala, kijana mpole kabisa, milioni 1 na laki 3, bei nzuri, ananiambia mama yake mgonjwa anataka asafiri. Kanipa kopi ya kadi, original eti iko kijijini itakuja na basi. Hela ile ilikuwa ya kikoba cha mama yangu. Wiki ya saba pikipiki ikakamatwa na mwenyewe hasa, kaja na polisi na kadi yake mkononi, kumbe yule kijana alikuwa bodaboda wa mkataba, analeta hesabu kila siku kwa bosi mpaka mkataba uishe, pikipiki haijawa yake bado. Nikakaa kituoni kutwa nzima naeleza mimi siyo mwizi. Pikipiki ikaenda, hela ikaenda, simu ya yule kijana haipatikani mpaka leo, na mama alilipa kikoba kile kwa kuuza vitenge vyake kimoja kimoja. Nikikumbuka bado naumia.

Kwaiyo Boxer, TVS, yoyote ile, ukiuziwa na bodaboda swali la kwanza ni umemaliza mkataba? Na bosi wako yuko wapi niongee naye? Kama kamaliza kweli bosi atafurahi kukupokea, maana naye anataka jina lake litoke. Halafu washa tochi ya simu angalia shingoni pale chini ya usukani, namba ya chesesi imegongwa pale, isome tarakimu kwa tarakimu na kadi. Ukiona pamekwaruzwa, pamepakwa rangi mpya kapande kadogo, hiyo usiiguse hata kwa bure.

Na gari pia ukikosa kadi original simama. Wengine kadi zao ziko kwenye taasisi za mikopo, gari anaendesha yeye lakini kadi imewekwa rehani, halafu anakuonyesha losi ripoti ya polisi eti imepotea. Ikiwa kweli imepotea basi aende TRA, mamlaka ya mapato, atafute nyingine kwanza, wewe subiri, hela yako haiozi. Gari ya marehemu vilevile, mtoto mkubwa siyo mwenye mali, mwenye kuuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama.

Hii IST kadi ipo, original, nimeilinganisha na ile namba iliyogongwa kwenye bati nyuma ya injini, zinafanana. Lakini jina siyo la huyu kaka. Ni la mtu aliyemuuzia yeye, miaka 3 hajabadilisha. Dar hii kitu ni kawaida sana na watu wanaichukulia poa, wanapokezana kadi kama kijiti, mtu wa nne anakuja kukwama kwa sababu wa kwanza kahama au kafariki. Nimemwambia bila huyo mwenye jina hatutoi hata mia.

Na kwenye hela, akikwambia tuma advansi ya kuishikilia kuna mtu anakuja na keshi saa 10, mwache huyo mtu wa saa 10 aichukue. Namba ya gari nimeiingiza kwenye mfumo wa polisi wa faini, nimekuta madeni 3, kila moja 30,000, hizo analipa yeye. Bima hakikini kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, msiamini stika. Na dalali akikutajia hela ya rodi laisensi ya mwaka, ile ilifutwa 2017.

Haya, ni kesho yake, saa 12 na robo, tumefika Chanika, samahani kwa jogoo. Gari ipo chini ya mwembe. Jirani anafagia, tumempa shikamoo, kamuita mwenye gari kwa jina la mwanae, baba nani, kwaiyo kweli anakaa hapa. Sasa angalieni chini, hapo mchanga ulipo chini ya injini. Mnaona doa? Jeusi, na limekauka, na juu yake kuna jingine bichi. Hilo doa sheli tusingeliona. Mdogo wangu, washa.

Mmeona moshi? Wa bluu, kama wa udi, umekaa sekunde kadhaa ukapotea. Ile jana hapakuwa na kitu. Nimemgeukia tu, sijasema neno, na yeye kavuta pumzi akaniambia kaka nisikufiche, inakula oili, naongeza lita kila wiki 2. Nimemshukuru kwa kweli, siyo wengi wanaosema.

Fundi wetu tumekuja naye kutoka mitaa ya Gerezani, tumemlipa wenyewe kabla, maana fundi anayeitwa na dalali anashika hela mbili. Kapandisha nayo kilima cha barabara ya ndani, gia boksi haitelezi, haigongi, reverse inashika palepale. Kasema za kubadilisha ni ringi na oili sili za valvu, gasketi ya chini nayo, na bodi ya mbele kushoto imepigwa puti ila chasi iko sawa.

Tumeongea, yeye kashuka milioni 8 na laki 2, sisi tuko 7 na laki 8. Mwenye jina kapigiwa simu tukiwa wote, spika wazi, yupo Kigamboni, kakubali Jumatatu aje na kitambulisho chake cha NIDA. Tunakutana kwa wakili, kisha benki, hela inaingia kwenye akaunti mbele ya macho yetu, kisha TRA. Asipotokea Jumatatu, kuna Passo moja inauzwa Kimara, na dada mwenye nayo kashasema kwao parking iko uani, tuje hata alfajiri.