Mpira mwangavu wa dizeli ulionionyesha hewa inapoingilia

Kwa miezi miwili gari langu la dizeli lilinitesa kila asubuhi. Napiga stata mpaka betri inachoka, likishika linakohoa na kutoa moshi mweupe, halafu linatulia. Mchana nikilizima na kurudi baada ya saa moja, linawaka mara moja. Fundi wa kwanza alibadilisha hita plagi zote nne, zile zinazopasha injini joto wakati wa kuwasha. Wa pili akasema betri. Nilitoa pesa mara mbili na asubuhi zangu zikabaki zilezile.

Kilichonifungua macho ni mteremko. Nikiliegesha pua ikitazama chini, asubuhi linashika papo hapo; likitazama juu, taabu. Gari langu halina pampu ya umeme ndani ya tanki, pampu ya injini ndiyo inayovuta dizeli. Upande huo wa kuvuta una mgandamizo mdogo kuliko hewa ya nje, kwa hiyo ufa mdogo huingiza hewa bila kudondosha hata tone. Nami nilikuwa nimepoteza siku nzima nikitafuta palipolowa chini ya boneti! Gari likilala, hewa inapenya na dizeli inarudi tankini, hasa pua ikiwa juu na tanki likiwa chini.

Ndipo nikanunua seti ya mipira myangavu ya kupimia, yaani vibomba laini vinavyoonyesha dizeli ikipita ndani: vipande viwili vinavyostahimili dizeli, viungio na klipu zake. Kipande kimoja nilikifunga kati ya filta na pampu, kingine kati ya tanki na filta. Nikawasha. Vyote viwili vikajaa mapovu, nikaamini bomba la tanki limeoza.

Haikuwa kweli. Klipu za seti zilikuwa dhaifu, na kile kipande cha upande wa tanki kilikuwa kinavuta hewa kwenye kiungio chake chenyewe. Hili nawalaumu waliotengeneza, kwa sababu kifaa cha kutafuta hewa hakipaswi kuingiza hewa. Nilifunga klipu imara za skrubu, nikapima upya: kabla ya filta dizeli safi kama kioo, baada ya filta mapovu yanatiririka. Basi hewa ilikuwa inaingilia kwenye filta. Oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya koki ya kutolea maji, pale chini ya filta, ilikuwa imekakamaa na kupasuka. Bila shaka ilirudishwa ileile kuukuu filta ilipobadilishwa.

Niliweka oringi mpya, nikapiga pampu ya mkono ya kuvutia dizeli mpaka ikawa ngumu, nikawasha. Mapovu yalipita dakika chache, yakakatika. Tangu siku hiyo gari linashika stata ya kwanza, liegeshwe vyovyote.

Mpira wenyewe naupa sifa zote, klipu hapana. Usiuache garini muda mrefu. Wangu baada ya wiki mbili za joto la injini ulianza kuwa wa njano na mgumu, nikarudisha ule mweusi wa awali. Na tafadhali sana, usiufunge kwenye mabomba ya kwenda kwenye nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Huko mgandamizo ni mkubwa mno, kwa injini za komoni reli (zenye bomba moja la pamoja linalolisha nozeli zote) hupita baa 1,000, na dizeli ikichomoka hapo hutoboa ngozi.

Wenye pampu ya umeme tankini, kwa kazi hii msiununue. Kwenu dizeli inasukumwa, penye ufa patalowa, na tochi itawatosha.