Kokoto ipi iwekwe chini ya pevingi zinazopitisha maji: tathmini ya vifaa vinavyouzwa Dar es Salaam

Wenye malori ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam watakuletea chochote uwaambie: moramu, kifusi, vumbi la kokoto, krasharani, kokoto za kila saizi. Kwa uwanja ambao mvua inatakiwa ipite katikati ya pevingi na kuzama ardhini, kifaa kinachofaa kuliko vyote ni kokoto ya robo tatu ya inchi, iliyosagwa kwa mashine kutoka mwamba mgumu, ikachekechwa, isiyo na vumbi. Vingine ama vina kazi ndogo ya pembeni, ama vitaua mradi wako kabla masika ya pili haijafika.

Watu wengi hutumia muda wote kuchagua rangi na umbo la pevingi, tabaka la chini wakamwachia fundi. Lakini hapo chini ndipo maji yanapokaa yakisubiri udongo uyanywe. Kokoto safi ya saizi moja ina nafasi tupu za asilimia 30 hadi 40 ya ujazo wake. Ukichukua 35, tabaka la milimita 200 linabeba lita 70 za maji kila mita ya mraba, sawa na mvua ya milimita 70 bila tone kutiririka kwenda kwa jirani. Nafasi hizo zikijaa vumbi, uwezo huo umekwisha, hata kama pevingi za juu ni za bei mbaya.

Tuanze na moramu, maana ndiyo inayopendekezwa mno. Ni kifaa kizuri sana mahali pake: inashindilika, inabeba magari, bei yake ni nafuu. Uzuri huo unatokana na udongo wa mfinyanzi unaoziba nafasi kati ya changarawe zake, na hilo hasa ndilo tusilolitaka. Moramu iliyoshindiliwa vizuri hupitisha maji polepole mno; mvua itasimama juu yake, tabaka la kulalia pevingi litalowa, na gurudumu likipita pevingi zitaanza kucheza na kutema tope kwenye viungo. Kwa kazi hii tunaipa sifuri.

Vumbi la kokoto linadanganya zaidi, kwa sababu linatoka kwenye mwamba uleule na mkononi linaonekana kama mchanga mkavu. Mafundi wamezoea kulitandaza chini ya pevingi za kawaida, na huko linafaa. Ndani yake kuna chembe laini kama unga ambazo zikilowa na kushindiliwa huganda. Krasharani ni hadithi hiyohiyo: mchanganyiko wa kuanzia jiwe la inchi moja na nusu hadi unga, uliokusudiwa barabara ambazo maji hayatakiwi kuingia. Muuzaji akikuambia “hii inashika kama zege”, amini, kisha usinunue.

Sasa robo tatu. Mwamba mgumu wa upande wa Lugoba, Chalinze, ndio unaopendwa na wajenzi wa Dar, na kwa kazi hii sifa hiyo ni ya haki. Vipande vyake vina kona kali zinazoshikana, havilainiki vikilowa, havisagiki chini ya magurudumu. Maabara ya vifaa vya ujenzi ikikupimia kwa mtambo wa Los Angeles, pipa linalozungusha kokoto pamoja na mipira ya chuma kuona inasagika kiasi gani, upotevu usizidi asilimia 40. Kasoro ya robo tatu haipo kwenye jiwe, ipo kwenye vumbi linaloambatana nalo. Shehena mbili za mtambo mmoja zinaweza kutofautiana, hasa ikichotwa sehemu ya chini ya rundo ambako vumbi limejikusanya. Chembe zinazopita chujio la milimita 0.075 zisizidi asilimia 2.

Kipimo cha kufanya kabla lori halijamwaga ni rahisi. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze kokoto hadi ukingoni, kisha mimina maji kwa kopo lenye alama za lita huku ukihesabu. Kokoto safi ikiwa haijashindiliwa itameza lita 8 hivi, na maji yatashuka papo hapo na mlio wa kukwaruza. Ikimeza chini ya lita 6, kuna vitu vidogo vingi vilivyojaza nafasi. Baadaye mwaga maji hayo kwenye chupa ya plastiki inayoona ndani, yaache yatulie saa moja, utazame tope chini. Utando mwembamba si neno. Ukiona tope la unene wa kidole, rudisha mzigo au uoshe wote kabla ya kuutandaza. Ukishafunikwa na pevingi hakuna namna tena ya kuusafisha.

Kokoto ya nusu inchi ni ya pili kwa ubora. Inatandazika vizuri zaidi kwa reki na inatosha kabisa njia ya miguu, ila sehemu ya kuegesha magari robo tatu inashikana vema. Kokoto kubwa ya inchi moja na nusu tunaipendekeza chini ya robo tatu pale tabaka linapozidi milimita 300, kwenye udongo dhaifu au panapoingia malori. Usilaze chipsi ndogo za kulalia pevingi moja kwa moja juu yake: zitazama kwenye mianya, na pevingi zitafuata. Lazima kuwe na milimita 100 za robo tatu katikati.

Kokoto ya chokaa ya matumbawe, ile nyeupe ya ukanda wa Kunduchi, Wazo na Boko, inavutia kwa ukaribu wake. Ubora wake hutofautiana sana. Ile laini husagika kwenye kona na kutengeneza vumbi lake yenyewe ndani ya tabaka. Itumie njia ya miguu tu, tena baada ya kuiosha. Kokoto za mtoni za mviringo ni safi lakini hazishikani, zinabiringika chini ya tairi kila gari linapokata kona. Kifusi cha tofali na zege kikae mbali: tofali hupasuka, na zege lililovunjwa hutoa unga na chokaa vinavyoziba kitambaa kinachotandazwa chini ya kokoto.

Juu ya robo tatu inakuja chipsi ya kulalia, yenye vipande vya milimita 3 hadi 6, unene wa milimita 50. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia, maana fundi hurudia mazoea na kumwaga mchanga. Mchanga utapenya chini kwenye kokoto kila mvua inaponyesha, na baada ya muda utaona mabonde. Chipsi hiyohiyo ndiyo inayojazwa kwenye viungo, ambavyo viwe na upana wa milimita 6 hadi 10. Pevingi za kawaida zilizobanana kwa milimita 2 hadi 3 na kufagiliwa mchanga hazistahili kuitwa za kupitisha maji, hata chini yake ukiweka kokoto bora nchini. Unene wa pevingi uwe milimita 80 kwa magari, 60 kwa miguu.

Unene wa tabaka haukadiriwi kwa macho. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho kokoto itakaa, lijaze maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha pima kwa rula yameshuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka milimita 13 au zaidi, tabaka letu la lita 70 litajimaliza ndani ya saa 6 hivi. Yakishuka milimita 2 tu, litachukua saa 35, bado inavumilika. Yakishuka milimita 1 au chini ya hapo, itazidi siku mbili, na mvua ya kesho itakuta ya jana haijaondoka. Hapo weka bomba la matundu la milimita 100 sakafuni mwa tabaka, likielekea kwenye mtaro ulio chini zaidi. Kichanga cha Kigamboni na mfinyanzi wa bondeni havifanani hata kidogo, na hata ndani ya kiwanja kimoja majibu hutofautiana, kwa hiyo chimba zaidi ya shimo moja.

Hesabu pia paa. Bati la mita za mraba 100 likimwaga maji kwenye maegesho ya mita za mraba 50, mvua ya milimita 30 inaleta lita 4,500. Ukigawa kwa 50 unapata lita 90 kila mita, na milimita 200 za kokoto hazitoshi, zinatakiwa 260.

Kati ya udongo na kokoto panahitaji kitambaa cha jiotekstaili kisichofumwa, kile chenye nyuzi zilizosokotana kama blanketi. Kinazuia udongo kupanda na kokoto kuzama. Kipande kimoja kipite juu ya kingine kwa milimita 300, na kitambaa kiinuliwe ukutani mwa shimo hadi juu. Kitambaa cha plastiki kilichofumwa kama gunia hakifai mahali hapa, na nailoni nyeusi ya chini ya sakafu ni kosa kubwa zaidi: umejenga bwawa. Usiweke kitambaa kingine kati ya chipsi na robo tatu. Huko hukusanya uchafu na kuziba bila kuonekana.

Udongo wa chini usishindiliwe kama wa nyumba. Lori lisiingie shimoni, limwage pembeni, na uso uliokandamizwa uparuliwe kwa reki kabla ya kitambaa. Kokoto itandazwe kwa matabaka ya milimita 100 hadi 150, kila moja likishindiliwa kwa mashine ya sahani hadi vipande viache kusogea ukikanyaga kwa kisigino. Chipsi ya kulalia haishindiliwi kwanza. Inasawazishwa kwa ubao, pevingi zinapangwa, viungo vinajazwa, ndipo mashine inapita juu. Kingo za zege ziwekwe kabla, zenye msingi wake, la sivyo safu za pembeni zitatanuka. Ardhi ikiwa na mteremko unaozidi asilimia 5, sakafu ya shimo ichimbwe kwa ngazi, maana maji yote yatakimbilia upande wa chini. Kaa mita 3 kutoka msingi wa nyumba, mbali na shimo la choo, na hakikisha maji ya ardhini wakati wa masika yako angalau milimita 600 chini ya tabaka.

Kwa maegesho ya mita 5 kwa 10 yenye pevingi za milimita 80, uchimbaji ni milimita 330. Agiza mita za ujazo 11 za robo tatu, karibu tani 16 hadi 17, mita za ujazo 3.3 za chipsi pamoja na ya viungo, na mita za mraba 70 za kitambaa. Kwenye oda andika “iliyochekechwa, bila vumbi”, na ukubaliane na dereva kabla kwamba ndoo itapimwa getini.

Baada ya hapo adui ni mchanga wa juu. Usimwage rundo la mchanga wala kukoroga zege kwenye uwanja huo, na maji ya bustani yenye tope yasielekezwe hapo. Ukiona madimbwi baada ya mvua, mara nyingi kilichoziba ni sehemu ya juu ya viungo tu: kwangua milimita 20 hadi 25, tupa, jaza chipsi mpya.