Raynox DCR-250 au pete za kurefusha lenzi: ipi kwa mdudu, ipi kwa ua

Raynox DCR-250 ni kioo kidogo cha dayopta 8 (kipimo cha nguvu ya kukuza) kinachobanwa mbele ya lenzi ya kamera uliyo nayo tayari, ili upige vitu vidogo kwa karibu. Kibanio chake cha plastiki kina springi mbili, na kinashika lenzi zenye uzi wa filta wa milimita 52 hadi 67. Unakibana, unapiga, unakibandua. Pete za kurefusha hazina kioo, nazo hukaa kati ya kamera na lenzi; mwenye pete wakati huo bado anafungua lenzi, na vumbi linapata mwanya wa kuingia kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea picha.

Ukuzaji wake unajulikana kabla hujatoka nje. Weka lenzi kwenye fokasi ya mbali kabisa, kisha gawanya urefu wake wa fokasi (ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi) kwa 125. Zoom ikiwa kwenye 200 unapata mara 1.6: mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 16 za sensa. Ikiwa kwenye 100 unapata mara 0.8. Kwa hiyo mtafute kwanza ukiwa 100, ukishampata vuta hadi 200. Kutoka kioo hadi mdudu hubaki kama sentimita 12, na nyuki aliyezama kwenye chavua huvumilia hapo.

Pete hesabu yake ni kinyume: urefu wa pete ugawanywe kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50 huongeza mara 0.5, lakini kwenye 200 huongeza mara 0.125 tu. Anayezinunua kwa ajili ya zoom ndefu amepoteza hela. Na zile za bei poa zisizo na migusano ya umeme ziache kabisa, maana lenzi nyingi za kisasa hazikubali kubadilishwa f (namba ya tundu la lenzi; ikikua, tundu hupungua) bila umeme.

Kosa la kawaida liko kwenye f. Pete hula mwanga. Ukifika mara 1, f/8 inafanya kazi kama f/16, na ukiweka f/16 picha nzima inapoteza ukali. DCR-250 haili mwanga hivyo, kwa hiyo f/11 hadi f/16 inatumika bila wasiwasi. Utaihitaji: kwenye mara 1.6, sehemu kali haifiki nusu milimita hata kwa f/16. Jicho la nzi likiwa kali, mbawa zimeshapotea. Zima fokasi ya kamera, sogea mbele na nyuma polepole huku ukipiga mfululizo, na flashi uifunike kwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi, la sivyo mgongo wa mbawakawa utang'aa kama kioo.

Kwa maua ya porini, hata hivyo, nachagua pete. Ua la sentimita 5 halienei kwenye mara 1.6, na DCR-250 kwenye zoom iliyo chini ya 70 hivi huweka weusi kwenye kona. Pete ya milimita 12 nyuma ya lenzi ya 50 hulichukua ua zima pamoja na majani yake. Ukitaka stameni pekee ongeza pete, ila lenzi itasogea karibu mno hadi ilitie ua kivuli. Pigia ubavuni, jua likiwa limelala. Upepo ukisumbua, chomeka kijiti ardhini na ushikize shina kwa kibanio cha nguo, chini ya fremu.