Nimesoma kozi ya midia ya dunia kwa online nikiwa Mwanjelwa, uzoefu wangu

Nimemaliza mwezi uliopita kozi ya wiki 12 ya midia ya dunia na utamaduni wa kidijitali, chuo kiko London mimi niko Mbeya hapa Mwanjelwa, na wanaitangaza kwamba wanafundisha kwa macho ya watu wa nje ya nchi za Magharibi. Jina la chuo siliweki maana nina malalamiko nao huko chini. Mimi nina kibanda cha kuingiza muvi na nyimbo kwenye flashi, mwaka wa saba huu, na nilitaka kujua hii kazi ninayoifanya kila siku huko kwenye usomi wanaionaje.

Wiki mbili za kwanza nadharia tupu. Ya tatu ndo nikakaa vizuri. Kumbe 1870 Reuters ya Uingereza, Havas ya Ufaransa na Wolff ya Ujerumani walishagawana dunia, kila mmoja na eneo lake la kukusanya na kuuza habari, sisi hata hatukuulizwa. Miaka ya 70 nchi zetu zikadai mpangilio mpya wa habari, UNESCO ikaunda tume chini ya Seán MacBride wa Ireland, ripoti ikatoka 1980, ugomvi ukawa mkubwa mpaka Marekani ikajitoa UNESCO mwisho wa 1984 na Uingereza 1985, na hili suala la habari lilikuwa moja ya sababu. Usiku ule ule nikampigia mzee wangu yuko Tukuyu nikamuuliza kuhusu Shihata, lile shirika letu la habari la 1976, akaniambia mwanangu tulikuwa tunalisikia redioni kila siku ila hakuna aliyetuambia lilianzishwa kwa nini. Tuliongea karibu saa nzima, na mzee huwa haongei na simu hata dakika tano.

Sasa wiki ya saba. Kila mtu alete kitu cha kwao. Nikapeleka dakika mbili za muvi ya Kihindi iliyotafsiriwa na DJ. Kwenye picha kuna bwana anaingia ndani usiku kalowa mvua, mke kakaa kitandani kampa mgongo, na DJ anasema huyu baba katoka Tunduma, mzigo umekamatwa boda, mfukoni hana hata mia. Mwalimu akauliza je hiyo ndo tafsiri yenyewe? Nikamweleza kwamba DJ wetu anatafsiri, anasimulia, anamwonya muhusika, na anaingiza maisha yetu mle ndani, nikawatajia na Lufufu wa Dar, mmoja wa wale wa mwanzo mwanzo kabisa. Kaka mmoja wa Kampala akadakia kwamba na wao wanao kwa Kiganda, wanawaita mavijei. Dada wa Manila akaniuliza wateja wako wanacheka wapi, nikamwambia pale pale kwenye Tunduma, maana nusu yao wana ndugu anayehangaika boda. Kipindi kilipitiliza dakika 40 hakuna aliyeondoka. Yaani miaka yote hii watu wananiambia hiyo siyo kazi, na siku ile darasa zima lilikuwa linaniuliza mimi.

Malalamiko sasa. Vipindi ni vya video moja kwa moja, saa 2 usiku za kwetu, bando linayeyuka, na mvua ikinyesha Mbeya mnajua umeme unavyofanya. Kingine kimeniuma zaidi, makala za kusoma nyingi zimefungwa kwa malipo na sisi wa kozi fupi hatukupewa njia ya kuzifungua, ikiwemo moja inayohusu vibanda kama changu. Mtu kaja kuandika habari za vibanda vyetu na mimi mwenye kibanda siwezi kuisoma! Nimewaandikia mara mbili, wiki ya tatu tangu niandike ndo wakanitumia. Af wiki ya wale vijana wa Nairobi waliokuwa wanachuja video za kutisha za Facebook, mpaka wakaenda mahakamani 2022, waliipitisha haraka sana, na wale ndo waliokuwa wanaamua tunaona nini kwa Kiswahili.

Kama uko kwenye redio, muvi, au una channel yako, soma, mimi ningelipa tena. Ila kabla hujatoa hela uliza kama makala zote utazifungua na kama wanaweka rekodi za sauti peke yake, mimi nilikuwa nazishusha kwa bando la usiku nasikiliza asubuhi nikifungua kibanda.

Sasa hivi nina daftari kaunta naandika DJ kasema nini na picha ilikuwa inasema nini. Mwenye CD za zamani za muvi za madj, hata zimekwaruzika, Mbeya, Iringa, Njombe popote pale, usitupe tafadhali, nazitafuta.