Wiki yangu na plasta mgongoni: kipimo cha mzio wa ngozi, Lubumbashi

Mimi ni fundi wa ujenzi na karo, yaani vigae, mkazi wa Katuba, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaokesha wakijikuna mikono huku wakisema ni baridi ya Juni na Julai. Mimi pia nilisema hivyo, karibu miaka mitatu.

Ulianza kama muwasho tu katikati ya vidole vya mkono wa kulia. Mwaka uliofuata vikaja vilengelenge vidogo kama punje za mtama. Vikipasuka vinatoa maji, ngozi inakauka, inakuwa nene kama gamba, halafu inapasuka. Kulikuwa na ufa mmoja kwenye kidole gumba ambao haukufunga msimu mzima. Nikawa nakula bukari, yaani ugali, kwa kijiko, nyumbani kwangu, kwa sababu bukari la moto likigusa ule ufa machozi yananitoka. Watoto waliniuliza siku ya kwanza, baadaye wakazoea. Mimi sikuzoea.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani alisema ni kobalti, yale madini yanayochimbwa huku, kwamba udongo wa hapa umeshatuingia sote mwilini. Shemeji yangu aliamini kuna fundi aliyenifanyizia baada ya kupata kazi ya nyumba kubwa kule mtaa wa Golf. Duka la dawa nalo likanipa mafuta ya kupaka yenye betamethasoni na tembe za deksa (deksamethasoni), zote dawa za kutuliza uvimbe na muwasho. Lazima niseme ukweli, zilifanya kazi. Siku ya tatu mikono ilikuwa safi. Nikiacha tu, baada ya siku kumi ugonjwa unarudi na nguvu mpya, nami narudi dukani. Mashavu yangu yalianza kuvimba, watu wakanipongeza kwamba nimenenepa.

Aliyenisukuma kwenda kupima ni yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Binti yake ni msusi, na kipimo hiki ndicho kilichomwonyesha kwamba rangi nyeusi ya nywele ndiyo iliyokuwa ikimvimbisha macho. Nikapiga simu kwenye kliniki moja ya binafsi mjini, nikapewa tarehe na bei.

Hapa nina lawama, nayo naiweka mwanzoni kwa sababu inaweza kukuokolea pesa. Aliyepokea simu hakuniuliza chochote kuhusu dawa. Nimefika, nimelipa dola 30 za kumwona daktari, nimeacha kazi ya siku nzima, ndipo daktari akasikia neno deksa na kuweka kalamu chini.

“Papa, na hizo tembe mwilini, mgongo wako hautajibu kitu. Tutapoteza vipimo vyangu na pesa yako.”

Akanieleza kwamba deksa inawalaza wale askari wa mwili ambao kipimo kinawatafuta. Wakilala, kila kitu kinaonekana salama. Pia hakuniruhusu kuziacha ghafla kwa vile nilikuwa nimezimeza muda mrefu. Aliniandikia namna ya kupunguza kidogo kidogo. Mgongoni nisipake mafuta yoyote ya namna ile kwa wiki nzima kabla ya kipimo, na nivae shati kazini, maana mgongo uliochomwa na jua nao unaweza kuficha majibu. Nilirudi baada ya wiki tano. Maswali matatu kwenye simu, tembe, mafuta na jua, yangetosha kuniepusha na safari ile ya kwanza. Daktari mwenyewe sina la kumlaumu.

Jambo jingine aliloniambia siku ile lilinishangaza. Kwamba nina ukurutu, ile wengine wanaita pumu ya ngozi na wengi wetu hapa tunaita ekzema, yeye alishalijua kwa kutazama mikono na kuniuliza maswali. Hakuna kipimo cha kusema “una ukurutu”. Kipimo kinatafuta kitu gani unachogusa ndicho kinachouwasha. Na akaniagiza: “Ukirudi, kuja na vyote unavyogusa kazini.”

Basi Jumatatu ya Julai, saa nne asubuhi, niliingia na mfuko. Ndani yake kulikuwa na glovu zangu za ngozi, buti moja ya kazi, kipande cha sabuni, gundi ya karo na saruji kidogo niliyoifunga kwenye plastiki. Daktari alifurahi kuona glovu na buti. Saruji aliirudisha mfukoni haraka. Saruji ikilowa ni kali kama magadi, alisema, ukiifunga kwenye ngozi ya mtu siku mbili itamchoma, awe na mzio au asiwe nao. Badala yake anapima vile vitu vilivyomo ndani ya saruji, kimoja kimoja, kwa kiasi kilichokadiriwa kisichounguza.

Kipimo chenyewe ni kitu cha kutazama. Kuna plasta pana, na juu yake visahani vya alumini, kila kimoja upana wa kifungo cha shati, vimepangwa kumi kumi. Muuguzi alikuwa na kisanduku cha mabomba madogo ya sindano yasiyo na sindano. Kwenye kila kisahani alikamua kitone kirefu kama punje ya mchele: nikeli, kobalti na kromi, metali zote tatu, vitu vinavyotumika kutengenezea mpira, manukato, dawa za kuhifadhi vipodozi, risini ya epoksi ambayo sisi watu wa karo tunaijua vizuri. Nyingi zilikuwa zimechanganywa na vaselini. Vistari vitatu, yaani visahani thelathini. Cha nne kilikuwa cha vitu vyangu. Alikata kipande cha glovu, ukubwa wa ukucha, akakilowesha maji na kukilaza kwenye kisahani. Kisha akanibandika vyote mgongoni, akaandika namba pembeni kwa kalamu na kuchora ramani kwenye karatasi. Hakuna sindano, hakuna damu, hakuna maumivu. Dakika ishirini tukamaliza.

Daktari alinisimulia kwamba njia hii ni ya zamani, aliyeieleza kwanza ni Josef Jadassohn, daktari wa ngozi wa Ujerumani, mwaka 1895. Nilipenda kulijua hilo. Nilidhani nimefanyiwa jambo la majaribio.

Kazi ngumu ni kuishi nazo. Saa 48 plasta hazitoki. Huogi mgongo, hubebi mizigo, hutoki jasho. Nilioga kwa beseni, nusu ya chini, kama mtoto. Ndiyo maana daktari anapenda kupima wakati wa baridi. Oktoba, na joto lile, plasta zingekuwa zimeteleza kabla ya jioni. Usiku wa Jumanne sehemu moja karibu na bega la kulia ilianza kuwasha, na muwasho ule niliutambua, ni ule ule wa katikati ya vidole. Mke wangu alimulika kwa tochi ya simu akaniambia haoni kitu, plasta imefunika. Nilikaa kitandani nimeshika magoti nisijikune.

Jumatano zikatolewa. Unasubiri nusu saa kwanza, ili alama za plasta yenyewe zitulie. Halafu daktari alizima taa ya dari na kumulika tochi kwa ubavu, akapitisha kidole polepole, namba kwa namba. Nikamuuliza kwa nini anapapasa. Akasema picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, ambako mzio unaonekana mwekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu unajificha. Unaona weusi uliokolea au rangi ya zambarau, wakati mwingine huoni kitu kabisa, lakini kidole kinasikia pale pameinuka. Kwa hiyo nasema wazi: ukipimwa na mtu anayetazama kwa mbali tu bila kugusa, omba aguse.

Kwenye kobalti kulikuwa na vidoa vyeusi vidogo vidogo, kimoja kwenye kila kitundu cha jasho. Nikadhani jirani alisema kweli. Daktari akatikisa kichwa. Vidoa vile kobalti huviacha hata kwa watu wasio na mzio nayo, haviwashi, havivimbi, na mpimaji asiye mzoefu huviandika kama mzio. Kwenye kromi ilikuwa habari nyingine: pameinuka, pagumu, na juu yake vilengelenge vya mtama vile vile vya mikononi. Alinipiga picha kwa simu yangu nione. Nilipoona ugonjwa wangu wa miaka mitatu umekaa ndani ya duara moja dogo mgongoni, nilishindwa kusema.

Hakuandika jibu la mwisho siku hiyo. Ni lazima urudi tena, mimi nilirudi Ijumaa. Kitu kilichounguza ngozi tu huwa kimeanza kufifia, lakini mzio wa kweli hupanda au hubaki, na mwingine huamka kwa kuchelewa. Najua watu wengi wataona Jumatano inatosha, nauli ni nauli. Usifanye hivyo. Ijumaa vidoa vya kobalti vilikuwa vimefutika, kromi ilikuwa imepanuka na kupewa alama mbili za kujumlisha, yaani mzio mkali, na pale palipokuwa na kipande cha glovu, ambapo Jumatano palikuwa kimya, palikuwa pamevimba.

Glovu. Nilizinunua kwa bei kubwa ili kujikinga. Daktari alinieleza kwamba kromi imo kwenye saruji kutokana na malighafi na tanuri lake, na ngozi nyingi za glovu na viatu hulainishwa kwa chumvi za kromi. Mkono ukitoka jasho ndani, kromi inatoka kwenye ngozi ya ng'ombe na kuingia kwenye yangu. Nilikuwa navua saruji na kuvaa kromi. Akasema pia kwamba nchi za Umoja wa Ulaya tangu 2005 haziruhusu kuuza saruji yenye zaidi ya sehemu 2 kwa milioni za kromi ile inayoyeyuka, na viwanda huongeza chumvi ya chuma ili kuipunguza nguvu. Nilikwenda nyumbani nikasoma mifuko yote ya saruji iliyokuwa kwenye shantiye, pale tunapojenga, mbele na nyuma. Kuna uzito, kuna namba ya ugumu. Kuhusu kromi hakuna neno. Hili linaniuma mpaka leo, maana si mikono yangu peke yangu.

Nitaje kwa kifupi na kipimo cha pili, kwa sababu wazazi huvichanganya. Binti yangu wa miaka minne ana ukurutu kwenye mikunjo ya magoti, na bibi yake alikuwa amemkataza mayai na kalanga. Yeye hakubandikwa. Alitonewa matone mkononi na kuchomwa juu juu kwa kijisindano, pamoja na tone moja linalopaswa kuvimba kwa kila mtu na jingine lisilopaswa kuvimba, na majibu yakasomwa baada ya robo saa. Kile ni cha mzio wa papo hapo. Ule wangu hauonekani kwa njia hiyo, unachukua siku. Yeye alivimba kwa wadudu wa vumbi la nyumbani, kwa mayai na kalanga hakuvimba. Anakula mayai sasa, na anapakwa vaselini mara tu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Bei: visahani vyote, usomaji wa Jumatano na wa Ijumaa, dola 120. Ni pesa nyingi kwa fundi. Nilipiga hesabu ya mafuta na tembe za miaka mitatu, na siku nilizoshindwa kushika mwiko wa ujenzi, nikaona nimelipa kidogo.

Kipimo hakijaniponya, na sitaki mtu aende akitarajia hivyo. Mzio wa kromi hukaa. Nilichopata ni karatasi yenye orodha, ambayo naiweka ndani ya kofia ya kazi. Sasa navaa glovu ndefu za nitrili (mpira wa kiwandani) na za pamba chini yake, kwenye mvua buti za mpira, na nanawa kwa maji mengi na sabuni laini, si mchanga wala maji ya javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, kama tulivyozoea. Ni miezi minane. Ufa wa kidole gumba umefunga. Ugonjwa ulinirudia mara moja, Desemba, saruji mbichi ilipoingia ndani ya glovu nami nikaendelea kupiga lipu mpaka jioni. Saruji iliyofungiwa ndani ya glovu ni mbaya kuliko mkono mtupu, ikiingia vua hapo hapo. Mgongoni kumebaki doa jeusi la kromi, daktari alinionya kwamba kwetu huchukua miezi kufifia. Mke wangu anasema limeanza kupauka.

Kijana ninayemfundisha kazi ameanza kuwashwa katikati ya vidole. Nilimshika mkono nikautazama juani, punje za mtama zipo. Tembe alizokuwa amenunua nilimwomba azirudishe dukani, alikuwa hajameza hata moja. Daktari amempa tarehe ya Juni, baridi ikianza, ili plasta zishike. Nimemwambia kuanzia Mei avae shati, na glovu zake aje nazo.